Sura ya Tisa Isomwe Yote

Bombay, 2 Juni 1973

Kaka Damodaran,

Mwandiko huu huenda umeusahau. Ni Sulochana, binti wa Pokkan msokota biri, niliyeondoka Cheruvayal miaka kumi iliyopita bila kuaga mtu. Sasa ni muuguzi hapa Bombay, wodi ya wanaume, zamu ya asubuhi. Sijaolewa. Nayasema haya mapema ili usipoteze karatasi kwa kuyauliza.

Ndani ya kifurushi hiki mna riwaya. Jina lililo juu ya jalada, S. Malini, ni mimi. Anayejua ni mchapishaji peke yake, na sasa wewe. Nakuomba uwasomee wasokotaji ukumbini baada ya chakula cha mchana, kama ulivyokuwa ukisoma riwaya zile nyingine nilipokuwa msichana nikimletea baba uji wake wa mchele. Usiseme kwamba ni yangu. Isome kama kitabu chochote, kisha niandikie wanavyoijadili.

Baba hajui kusoma. Ningemwandikia barua, ingebidi mtu amsomee pembeni, wawili tu, na yakaishia hapo. Nataka asikie mbele ya wenzake, mikono yake ikiwa kazini.

Sulochana

* * *

Cheruvayal, 17 Juni 1973

Sulochana,

Kifurushi kimefika kikiwa kimelowa pembe moja tu, na kwa mvua ya mwezi huu hiyo ni bahati kubwa. Nimefurahi, dada yangu, nimefurahi mpaka mama ameniuliza kama nimepandishwa ujira. Binti wa hapa kwetu ametunga kitabu, na mimi ndiye wa kwanza kukipa sauti!

Ukumbi ungeutambua. Tangu tupate ushirika hakuna tajiri wa kutufokea, lakini mengine yako vilevile. Watu arobaini na wawili, safu nne, kila mmoja na ungo wake magotini, majani ya kufungia biri, tumbaku na uzi. Mimi bado nakaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha. Asubuhi nasoma gazeti, mchana riwaya. Kila mtu bado ananisokotea fungu dogo la biri ili nisikose ujira kwa ajili ya kusoma. Na sheria ni ileile: msomaji haruki kitu, hata tangazo la msiba wa mtu asiyejulikana, na msokotaji hasimamishi mkono.

Tumemaliza sura mbili. Unamkumbuka Kunhappa, yule mwenye mdomo? Sura ya kwanza haijafika nusu, akasema, "Aliyeandika hiki ni mwanamke." Karunan, katibu wetu wa ushirika, akamuuliza amejuaje. "Bwana wee, watu wamekula, na mwandishi amekumbuka kutuambia nani aliosha sufuria. Mwanamume gani angekumbuka hilo?" Wakacheka ukumbi mzima.

Baba yako anasikiliza. Kuhusu yule Chandu wako, baba wa msichana Leela, alisema, "Mtu mgumu, lakini anajua kukata majani." Kwake hiyo ni sifa. Afya yake si mbaya, kikohozi tu cha tumbaku, kama sisi sote. Kukuhusu wewe hasemi, na watu wamezoea kutomuuliza.

Mimi husoma sura moja mbele nyumbani, nijue pa kuvuta pumzi. Kitabu chako kina sentensi fupi. Koo langu linakushukuru.

Damodaran

* * *

Bombay, 28 Juni 1973

Kaka Damodaran,

Nimeisoma barua yako wakati wa chai, nikacheka peke yangu, wagonjwa wakanitazama. Mwambie Kunhappa, bila kumwambia, kwamba ameniweza.

Sifa ya kukata majani sikuitegemea. Inanitia wasiwasi kwamba anampenda Chandu. Asimpende sana. Sura ya tisa inakuja, na kitabu kizima nimekiandika kwa ajili ya hiyo moja. Siku utakayoisoma, angalia uso wake. Niandikie kila neno atakalosema. Akinyamaza, niandikie kwamba amenyamaza.

Sulochana

* * *

Cheruvayal, 6 Julai 1973

Sulochana,

Natumaini hujambo. Hapa mvua haikatiki, tumbaku inavuta unyevu, na watu wana hasira ndogondogo.

Tumefika sura ya saba. Nimekwenda mbele nyumbani, zaidi ya kawaida yangu, nikaisoma ya tisa. Nimeisoma mara kadhaa. Imeandikwa vizuri, sitaki udhani nasema vinginevyo. Ila nimefikiri, na kama msomaji wa miaka kumi na sita naomba unisikilize. Riwaya yako inaweza kusimama bila sura hiyo. Leela anaondoka, anakwenda mjini, inatosha, mtu ataelewa kwamba maisha yalimshinda kijijini. Tena baba yako kifua kimemzidi wiki hii. Tena watu wa ukumbini si watu wa maktaba. Wakimshika mtu mdomoni hawamwachi, hata akiwa mtu wa kitabuni. Wakija kugundua kwamba Chandu ni nani, mzee atakaa wapi?

Niruhusu niiache. Nitatoka ya nane kwenda ya kumi, taratibu, hakuna atakayehisi.

Damodaran

* * *

Bombay, 14 Julai 1973

Kaka Damodaran,

Hapana.

Najua unamwonea baba huruma, na kwa hilo nakushukuru, maana mimi imenishinda. Lakini huijui habari yenyewe, kwa hiyo nakupa.

Mwaka 1961 nilifaulu darasa la kumi, wa kwanza shuleni. Mwalimu mkuu aliniombea nafasi chuoni Kozhikode, ada juu ya serikali. Nilingoja barua mwezi mzima wa Juni. Kila alasiri nilisimama langoni mpaka mtu wa posta akageuza uso kwa kunionea aibu. Julai baba akaniwekea ungo magotini. Nikasokota miaka miwili, kisha nikaondoka na shangazi.

Mwaka juzi alilazwa wodini kwetu ndugu yake mwalimu mkuu. Mwalimu akaja kumtazama, amezeeka, akanitambua. Akaniuliza, "Kwa nini ulikataa ile nafasi, mwanangu?" Akasema wakati ule aliuliza posta. Barua ya rejista ilipokewa nyumbani kwetu asubuhi moja, kabla sijasimama langoni, na alama ya dole gumba la baba ipo kwenye daftari lao. Mwalimu alidhani baba amekataa, kama walivyokataa baba wengine wengi, akanyamaza.

Kwa hiyo barua ilikuja, na baba akaificha. Alinitazama nikisimama pale langoni na barua ameificha. Namchukia, Kaka, na nimechoka kumchukia nikiwa mbali. Nataka asikie kwamba najua. Sura ya tisa isomwe yote.

Sulochana

* * *

Cheruvayal, Jumapili, 22 Julai 1973

Sulochana,

Nimefanya usichotaka, na sikufaulu.

Jumatano nilisoma ya nane. Alhamisi nikafungua ya kumi. Unakumbuka inavyoanza: "Leela aliposhuka kwenye treni alikuwa bado hajamsamehe Chandu." Sikufika sentensi ya pili. Kunhappa akasema, "Simama hapo hapo. Hajamsamehe nini?"

Nikasema tusikilize, tutajua mbele.

"Mbele ipi? Jana baba na mtoto wamekula samaki sahani moja, wamelala. Leo hajamsamehe. Usiku huo mmoja kumetokea nini, bwana msomaji, tuambie na sisi."

Nikasema waandishi wa siku hizi wana mitindo yao. Karunan akaweka ungo chini akaja kitini kwangu, akapekua kwa kidole. "Nane," akasema. "Tisa. Huyu hapa tisa, mzima, hata panya hajamgusa."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Walinirukia wote. Mmoja akasema, "Miaka kumi na sita tunakusokotea. Kama leo umeruka, umeruka mara ngapi?" Mwingine akauliza kama habari za gazeti nazo nachagua. Aliyenitetea ni mtu mmoja. Baba yako alisema, "Mwacheni. Damodaran ana sababu yake. Hajawahi kunidanganya mimi." Sulochana, ningependa kuliko yote asingesema hivyo.

Nimeapa mbele yao kwamba kesho Jumatatu nitaisoma, neno kwa neno, na Karunan atasimama nyuma ya kiti akifuata kwa kidole.

Damodaran

* * *

Bombay, 2 Agosti 1973

Kaka Damodaran,

Jumatatu imepita tangu wiki iliyopita. Sijapata barua. Je, baba anaumwa? Amesema nini?

Andika hata mistari miwili.

Sulochana

* * *

Cheruvayal, 9 Agosti 1973

Sulochana,

Uliniomba kila neno. Nimekaa na karatasi hii siku nyingi.

Niliisoma. Mtu wa posta anafika, Chandu anaweka dole gumba kwenye wino, anamwangalia Leela aliyelala, anachomeka barua darini chini ya matita ya majani, anatabasamu. Nikafunga kitabu. Mikono yote ilikuwa ikienda. Baba yako alikuwa ameinamisha kichwa, sikuuona uso wake.

Kunhappa ndiye aliyeanza, akamlaani Chandu na ukoo wake. Karunan akasema ndiyo maana ushirika lazima usomeshe mabinti. Wakazozana kidogo kama Chandu alifanya kwa roho mbaya au kwa kuogopa njaa. Mambo ya kawaida ya baada ya sura. Nikaanza kupumua.

Ndipo akasema Ambu. Huyu hukaa safu ya nyuma, na kwa mwaka huongea labda mara tatu. Akasema, "Kitabu hiki kina kosa."

"Kosa gani tena?"

"Chandu hajui kusoma. Tulisomewa sura ya pili. Na mimi sijui. Barua ikija kwangu siwezi kuificha, naificha kwa lipi? Sijui imebeba nini. Yaweza kuwa ya kodi ya shamba, yaweza kuwa ya msiba. Kwanza nampelekea mtu anisomee. Akishanisomea ndipo nijue kama ni ya kufichwa."

Zaidi ya nusu ya ukumbi hawajui kusoma. Ungewasikia. "Kweli kabisa! Huyo aliyemsomea yuko wapi?" Kunhappa akanigeukia: "Bwana msomaji, hebu angalia tena, mwandishi hajamtaja?" Nikasema hajamtaja. Karunan akasema, "Basi mwandishi mwenyewe hamjui. Mtu aliyesoma hawezi kuona shida kama hiyo. Kwake barua ikifunguliwa inajisema yenyewe."

Wakabaki wakimtafuta mtu huyo. Jirani? Kuhani wa hekaluni? Mwenye duka? Walikuwa wakifurahia, kama wanavyofurahia siku zote kitabu kikiwapa kazi. Kisha nikatazama safu ya baba yako. Baba yako alikuwa ameweka ungo wake sakafuni. Jirani yake akaweka wake, na mwingine. Kwa miaka yangu yote pale sijawahi kuona mikono ya safu nzima imesimama.

Akasimama. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Damodaran. Ile barua ya chuo ilisemaje?"

Sasa nakwambia wewe nilichowaambia wao. Juni 1961, wakati wa chai, baba yako alinijia nyuma ya ukumbi na bahasha. Alikuwa ameifuta vumbi kwa shati lake. Barua ilisema umekubaliwa na ufike tarehe tatu Julai. Mimi nilimsomea kwamba wanamshukuru mwombaji ila nafasi zimejaa. Nikaisoma kwa sauti nzuri, kama ninavyosoma gazeti, kidole changu kikifuata mistari. Kisha nikamshauri asikuonyeshe, utaumia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeazimia kuja kukuposa sikukuu ya Onam. Niliona ukienda Kozhikode hutarudi kwa mtu anayesoma magazeti kwa wasokota biri. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Na Onam ilipofika sikuja. Nilikuona mlangoni kwenu na ungo magotini, nikapita.

Nilimjibu baba yako, "Ilisema amekubaliwa."

Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Jioni kila mtu alichukua lile fungu la biri alilonisokotea akalirudisha kwenye rundo lake. Jumanne nikakaa safu ya nne na ungo, na tangu hapo nasokota. Vidole vyangu ni vizito na biri zangu zinafumuka. Kiti hakina mtu, ukumbi unafanya kazi kimya. Gazeti linaletwa na linabaki limekunjwa.

Baba yako hakufika siku tatu. Ya nne alikuja, akakaa mahali pake. Kwamba S. Malini ni wewe, hapakuwa na haja ya kumwambia mtu.

Msamaha sikuombi. Sijui hata ningeuombea nini.

Damodaran

* * *

Bombay, 18 Agosti 1973

Damodaran,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Nakuchukia. Nilidhani kazi hiyo nimeizoea, kumbe miaka yote nilikuwa namchukia asiyehusika, na sasa sina nguvu mpya ya kuanza na anayehusika. Kwa hiyo usitegemee barua ndefu.

Kitabu changu kina uongo, nawe ukakisoma kwa usahihi. Barua ilikuwa na ukweli, ukaisoma unavyojua. Katika yote mawili aliyeketi akisikiliza ni baba. Nilimtungia tabasamu lile la darini, Damodaran. Lilinichukua jioni nzima kulipata vizuri, nikajisifu.

Mwambie kwamba

Hapana. Usimwambie baba neno lolote kutoka kwangu. Wala usiniandikie tena.

Sulochana

* * *

Cheruvayal, 30 Agosti 1973

Sulochana mwanangu,

Mimi ni baba yako, Pokkan. Nasema, na Narayani wa maktaba anaandika. Akimaliza, Karunan ataisoma kwa sauti mbele yangu, kisha mke wa Kunhappa, aliyesoma mpaka darasa la nane, ataisoma naye peke yake. Wakipishana neno moja tunaanza upya. Narayani anasema hajawahi kuandika barua yenye masharti kama mahakamani. Nimemwambia aandike na hilo.

Anwani yako nimepewa na Damodaran. Aliiweka kwenye ungo wangu akaenda zake. Sijamwambia kitu. Siku moja labda nitamwambia. Anasokota vibaya sana.

Sasa sikiliza. Watu hapa wanasema kitabu chako kimenisingizia na kwamba ukiandike upya. Mimi siwaungi mkono. Barua niliificha kweli. Sikuiweka darini, niliifukia chini ya mti wa fenesi, maana darini ungeiona ukipanga majani. Niliambiwa wamekukataa. Ulikuwa unasimama pale langoni kila siku, umevaa ile nguo yako ya shule, na nilijua jambo ambalo ungelia ukilijua. Nikafikiri, acha angoje, kungoja si kubaya kama kukataliwa, na siku moja ataacha mwenyewe. Nilipokuwekea ungo nilitaka uwe na la kushika mikononi. Nilidhani nakukinga jua.

Sikutabasamu. Hilo peke yake ndilo nalikataa. Karunan aliposoma barua hii mara ya kwanza, kabla hatujaanza upya, aliomba tuliongeze kwa nguvu zaidi, nami nimesema linatosha hivyo.

Kosa langu ni kwamba sikukwambia. Ningekwambia, "Sulochana, barua imekuja, wamekukataa," ungesema, "Niione," ungeisoma mwenyewe pale pale, na yangekwisha kabla uji haujapoa. Ulikuwa unajua kusoma kuliko sisi sote, na mimi nikampelekea mtu mwingine barua yako. Tangu Jumatatu ile nalala na jambo hilo, naamka nalo. Naumia, mwanangu. Nasema hivyo mbele ya Narayani na ameandika.

Ukumbini kumepoa. Walipiga kura nani akae kitini, wakataja watu wawili, nami nikanyanyua mkono nikawaambia wangoje kwanza. Zimebaki sura tatu za kitabu chako. Ambu ananiuliza kila siku kama Leela alipata kazi mjini. Kunhappa anasema hapajawahi kukaa mwanamke kwenye kiti kile, Karunan akamuuliza, "Na tangu lini wewe ukasikiliza aliyekaa?" Kwa hiyo wamekubali ukae wewe.

Nimeambiwa mwandishi hamsamehi Chandu hata mwisho wa kitabu. Narayani amekisoma chote, ndiye aliyeniambia. Ni sawa. Usikibadili kwa ajili yangu. Omba ruhusa huko hospitali siku za Onam, uje ukae pale mbele ya watu arobaini na wawili uyasome hayo yaliyobaki kwa sauti yako. Mtu mwingine akinisomea, sitaamini.

Baba yako